Barua Niliyoisoma kwa Sauti ya Huzuni

Ile barua niliiandika mimi.

Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimelikana vizuri. Nimelikana mbele ya mama yangu mzazi, mbele ya mkuu wa kituo cha redio, mbele ya kinyozi aliyekuwa mwenzangu hewani, na mbele ya padri pia, kwa njia ya kutolitaja, ambayo nadhani kule juu inahesabiwa vilevile. Mara moja, kwenye semina ya waandishi, bwana mmoja aliitaja barua ile kama mfano wa sauti halisi ya mwanamke wa kijijini. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Niliandika maneno "sauti halisi" kwenye daftari langu nikayapigia mstari, kama mwanafunzi mzuri.

Mtu pekee ambaye ukweli huu ungemdhuru amestaafu sasa. Nilipomwomba ruhusa aliniambia niandike nitakavyo, ila nisimfanye mtakatifu, maana watakatifu wana kazi nyingi na yeye amechoka. Basi naandika. Barua ile niliiandika mezani kwa mama, mtaa wa Mjimwema, kwa kalamu ya bluu iliyokuwa inavuja.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Songea na shahada. Zamani mtu akimaliza chuo kikuu serikali ilimpangia kazi, hata kama ni kazi ya kukaa kwenye kiti. Sisi tulimaliza wakati serikali inawapunguza hata wale iliokuwa nao. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa miaka ile: maduka, mipaka, magazeti, masafa ya redio. Ajira tu ndiyo ilikuwa imefungwa. Mama, ambaye tayari alikuwa amewatangazia wanawake wa jumuiya kwamba binti yake anarudi kuwa mtu mkubwa, alikaa na aibu hiyo wiki mbili, kisha akanipa ungo na maharage ya kuchambua.

Kituo cha redio kilikuwa ndani ya ghala la zamani la ushirika. Ushirika ulikuwa umekufa, ghala likabaki na harufu ya dawa ya mahindi, na sisi tukaingia. Kuta za studio tulizifunika kwa trei za mayai ili sauti isigonge na kurudi. Trei hazikutosha, kwa hiyo ukuta mmoja ulitundikwa blanketi. Mpitimbi walitusikia vizuri, na mbele ya Mpitimbi kidogo. Watu wa Madaba walidai wanatupata siku mojamoja, kukiwa na mawingu, na hapo tunasikika kama watu waliofungiwa ndani ya debe.

Kipindi chetu lilikuwa wazo la kinyozi. Alikuwa na saluni karibu na soko, kiti kimoja na kioo kilichopasuka pembeni, na redio kaseti iliyopiga hip-hop tangu asubuhi mpaka kufunga. Mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, aliyeweza kuchana mistari huku ananyoa bila kumjeruhi mtu sikio. Waliokaa kwenye benchi kusubiri zamu walibishana juu ya mbolea tangu serikali iache kuichangia, juu ya uchaguzi, juu ya bomba la mtaa linalotoa maji siku anapokuja mgeni kutoka Dar es Salaam tu. Yeye aliyachukua maneno yao na kuyaweka juu ya biti, hapohapo, wembe mkononi. Wateja wengine walikuja na nywele fupi tayari.

Bodi ya kituo ilikuwa ya wazee, walimu wastaafu na katekista mmoja. Neno hip-hop lilipotamkwa kikaoni, mzee mmoja aliuliza kama ni mbegu mpya ya mahindi. Mwishowe walitupa Ijumaa saa tisa alasiri, kwa majaribio ya miezi mitatu, na kwa sharti: kabla ya muziki kuanza tuwaamkie wazee, na tusubiri waitikie. Walimaanisha kusubiri kweli. Kwa hiyo kinyozi alisema "Shikamooni wazee wetu," halafu tulikaa kimya tukihesabu moja mpaka nne, redio nzima imenyamaza, na ndipo ngoma ikaingia. Tulidhani ni upuuzi. Mama akaniambia kwamba babu wa nyumba ya jirani kila Ijumaa anakaa karibu na redio, anaitikia "Marahaba wanangu," kisha anaizima, kwa kuwa sehemu yake imekwisha.

Kazi yangu ilikuwa kusoma barua. Msikilizaji aandike kero yake, mimi niisome, tuijadili, na kinyozi aigeuze kuwa mistari kabla saa haijaisha. Ndivyo tulivyowaeleza bodi. Tatizo ni kwamba barua hazikuja. Kadi za salamu zilikuja tele, watu wakisalimiana kutoka nyumba moja hadi ya pili yake, lakini kero hakuna aliyeandika. Wiki ya kwanza tulipata barua moja tu, ya mteja aliyelalamika kwamba kinyozi amemnyoa upande mmoja zaidi ya mwingine. Tuliisoma. Kinyozi alichana mistari ya kujitetea dakika nne nzima. Wiki ya pili sanduku la mbao pale getini lilikuwa na mjusi.

Mkuu wa kituo, mwalimu mstaafu asiyevua sweta hata jua likiwaka, aliniita pembeni.

"Mwanangu, kipindi cha barua kisicho na barua ni kitu gani?"

"Zinakuja, mwalimu."

"Zinakuja kwa miguu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema bodi inakaa mwisho wa mwezi.

Jumapili ile mama mdogo alikuja kututembelea. Ni mdogo wa mwisho wa mama, amenizidi miaka kumi na miwili tu, na ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto, kwa hiyo hajawahi kunihesabu kama mtu mzima. Alikuwa nesi, nesi pekee, kwenye zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Mpitimbi. Kila mwisho wa mwezi alikuja mjini kupeleka ripoti ofisi ya afya, na siku moja kabla alilala kwetu. Baada ya misa tulikaa jikoni, mama anasonga ugali, mimi na ungo wangu, mama mdogo kwenye kigoda kanyoosha miguu.

"Glavu hamna, dada," alimwambia mama. "Mwezi wa nne sasa. Ninazo zilezile. Naziosha, nazichemsha, nazianika kwenye kamba kama soksi za watoto wa bweni. Juzi mbuzi kala moja."

"Mbuzi kala glavu?"

"Ya kushoto."

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria akashika kiuno kwa kicheko. Mama mdogo naye alicheka, kisha akaacha kabla yetu.

"Sasa nawaambia waje nazo wenyewe. Glavu, wembe, pamba, mafuta ya taa. Mwanamke wa watu kaja na uchungu, kakanyaga umande tangu kijiji cha pili, mimi namwuliza, umeleta glavu? Dada, siku hizi nikiyasema yale maneno siwezi kumwangalia mtu usoni. Naangalia ukuta. Ule ukuta nimeshaujua wote, mpaka nyufa zake."

Mama akasema, "Si kosa lako."

"Najua si kosa langu. Wao ndio hawajui."

Nilikuwa nachambua maharage na nilisikia kila neno. Naweka hili wazi kwa sababu baadaye nilijaribu kujiambia kwamba sikusikia vizuri.

Keshoye asubuhi mama alikwenda shambani, mama mdogo alikwenda na ripoti yake, nami nikakaa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Nilianza kama barua zote za kwetu zinavyoanza: salamu nyingi sana, ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu. Kisha nikaingia kwenye dhumuni. Nilifikiri kwanza kuandika kama nesi. Nikaona nesi hana mvuto. Nesi ni mtu wa serikali, nani atamlilia? Mwanamke mwenye uchungu ndiye atakayewafanya watu waweke chini majembe. Niliamini hayo niliyasoma chuoni, na huenda kweli niliyasoma.

Nikaandika hivi: "Nilipofika nesi akaniuliza glavu ziko wapi. Nikamwambia sina. Hata usoni hakuniangalia. Aliangalia ukuta kama vile mtu kamwomba ugoro."

Pale kwenye ugoro nilijipongeza. Niliinuka nikazunguka meza. Nikaongeza makosa mawili ya maandishi ili ionekane ya kijijini, makosa zaidi ya hapo moyo wangu wa kisomi ulikataa, na nikaipaka karatasi masizi kidogo ya sufuria. Kijiji sikukitaja. Nesi sikumtaja. Mwishoni niliweka tu, "Mama wa watoto wanne, mbele ya Mpitimbi." Niliona nimekuwa mwangalifu sana. Haikunijia kwamba kwenye njia ile, mbele ya Mpitimbi, zahanati ilikuwa moja na nesi mmoja, na kwamba kila mtu mwenye redio upande ule alilijua hilo isipokuwa mwenye shahada.

Nikaitumbukiza kwenye sanduku la getini, nikaenda kunywa chai, nikarudi, nikaifungua mbele ya kinyozi na kusema, "Heee, tumepata barua."

Ijumaa niliisoma kwa sauti ya huzuni. Nilikuwa na sauti ya huzuni nzuri sana enzi zile. Nilijifunza kwa kusikiliza matangazo ya vifo. Kinyozi alikaa amefumba macho. Nilipomaliza alimpa fundi mitambo ishara, biti ikaingia polepole, na yeye akachana:

Kabeba mimba tumboni, kabeba wembe mkononi,
Kabeba taa kichwani, kaambiwa glavu dukani,
Anamtazama nesi, nesi katazama ukutani,
Nambieni wazee wangu, huduma hii ya nani?

Sikutegemea yaliyofuata. Jumatatu wanawake bombani walikuwa wanaimba mistari ile huku wakijaza ndoo. Vijana waliipiga kwa vidole kwenye meza za sokoni. Na barua zikaanza kuja, za kweli. Sanduku lilijaa mpaka mkuu wa kituo akatafuta la pili. Aliandika mwanamke aliyefukuzwa shambani na shemeji zake baada ya kufiwa, aliandika mzee aliyepunguzwa kazi, wakaandika wanafunzi wanaochapwa kwa kukosa michango. Hazikuwa na ugoro wala mbwembwe. Zilisema jambo na kutia saini. Nilizisoma nikiona haya, kwa sababu kila moja ilianza kwa kusema: nimesikia barua ya yule mama wa glavu, nami nikapata moyo.

Wiki ya pili tangu barua isomwe, ofisi ya afya ilituma mtu. Alikaa na mkuu wa kituo robo saa. Alipoondoka mwalimu alitoka uani, akatukuta mimi na kinyozi tumekaa juu ya magunia matupu.

"Wanamtaka yule mama," alisema. "Aende akathibitishe. Wanasema kudai vifaa kwa mgonjwa kwa jeuri ni kosa la kazi."

"Barua haina jina, mwalimu," nilisema.

"Nimewaambia. Wanasema basi, nesi amesimamishwa mpaka huyo mama apatikane. Na kama atathibitisha, nesi atafukuzwa. Zahanati wameifunga kuanzia jana, maana nesi ni huyohuyo mmoja."

Kinyozi alivua kofia yake. "Yaani kule sasa hakuna hata wa kuangalia ukuta?"

Akanigeukia.

"Dada msomi, bahasha ilikuwa na mhuri wa wapi?"

"Haikuwa na mhuri," nilisema. "Ililetwa kwa mkono."

Huo ulikuwa ukweli mtupu, na nadhani ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Ningeweza kusema pale pale. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na kila mara napata sababu nzuri, jambo linalonitia mashaka. Tulikuwa bado kwenye majaribio. Bodi ikisikia kwamba barua ya kwanza ni ya kutunga, kipindi kimekufa, na wale wote walioandika kweli wataonekana waongo pamoja nami. Hiyo ni sababu nzuri. Nyingine ni kwamba niliogopa uso wa mama mdogo. Hii si nzuri, ila ndiyo iliyonifunga mdomo.

Uso wenyewe ulikuja nyumbani Jumatano. Alishuka kwenye lori la mahindi na mfuko mmoja wa nguo, akamkumbatia mama, akaomba maji. Alikuwa amekonda kwa wiki ile moja tu. Mama alikuwa amekwisha sikia na alikuwa amekasirika kwa niaba ya ukoo mzima.

"Hicho kipindi chenu!" alinikemea. "Kuchana, kuchana, mmemchana mdogo wangu!"

"Mwache, dada," mama mdogo alisema. "Yeye anasoma tu zinazokuja."

Alikaa kwenye kile kigoda. Akaninyooshea bilauri tupu, nikaijaza, nikataka kuondoka, akanishika kitenge.

"Kaa. Huyo mama umemwona?"

"Hapana, mama mdogo. Zinakuja kwenye sanduku."

"Mwandiko wake ukoje?"

"Wa kawaida."

"Wa kawaida," alirudia. Akanywa maji. "Mimi namtafuta. Nimewazalisha wote kule, miaka tisa. Nimekaa nikawapitisha kichwani mmoja mmoja, nani nilimwumiza hivyo. Nikaona nisikae na kufikiri tu, nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Naingia, nasalimia, namwambia mama fulani, kama siku ile nilikuangalia vibaya nisamehe, sikuwa na nia hiyo. Ananiambia si mimi, nesi. Ananipa karanga. Naenda kwa mwingine. Ananiambia si mimi. Ananipa karanga. Mfuko ule una karanga tupu, dada, nguo ni mbili."

Mama alianza kulia. Mama mdogo hakulia.

"Sina kinyongo naye," alisema. "Aliona alichoona. Ningekuwa ni yeye, nimelala pale na uchungu, mtu anaangalia ukuta, nami ningesema ana dharau. Nataka tu kumwambia haikuwa dharau." Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, "Hivi wewe uliisoma mara ngapi kabla ya kuisoma redioni?"

"Mara moja tu."

"Mara moja. Na ule ugoro?"

"Ugoro gani?"

"Wa kwenye barua. Kule kwangu kijijini wanawake hawavuti ugoro. Huo ni msemo wa bibi yako, mama yetu. Ndiye alikuwa akisema kwa mtu mwenye maringo, unaniangalia kama nimekuomba ugoro. Nimejiuliza huyo mama kaupata wapi msemo wa mama yangu."

Mama alikuwa amegeukia moto na nadhani hakusikia. Au alisikia akaamua kugeukia moto. Nilimwangalia mama mdogo, nikaona anajua, na nikaona ananipa nafasi. Kigoda chake na changu vilikuwa karibu kiasi cha magoti kugusana.

"Labda aliwahi kuishi mjini," nilisema.

Aliachia kitenge changu. "Labda," alisema.

Usingizi sikuupata vizuri siku zile, lakini sitajisifia kukosa usingizi. Alhamisi niliandika nusu ukurasa wa kukiri. Niliandika rasimu tatu, ya kwanza ikiwa na utangulizi juu ya wajibu wa vyombo vya habari katika jamii inayobadilika. Niliichana. Ya tatu ilikuwa na mistari sita. Niliikunja nikaiweka kwenye mfuko wa sketi, nikapanga kuisoma Ijumaa hewani, baada ya wazee kuitikia na kabla ya biti. Asubuhi ya Ijumaa mama mdogo aliondoka mapema bila kusema anakwenda wapi. Nilidhani amekwenda kanisani.

Saa tisa tulianza. Kinyozi aliwaamkia wazee, tukahesabu moja mpaka nne, nikaingiza mkono mfukoni, na simu ikalia.

Simu yetu ilikuwa ya mezani na haikuunganishwa na mitambo. Mtu akipiga, msoma barua anaunyanyua mkono wa simu na kuushikilia mbele ya maikrofoni, mtangazaji anauliza kwa sauti ya juu, na mjini wanasikia wanavyosikia. Niliunyanyua kwa mkono uleule uliokuwa na karatasi.

"Uko hewani!" kinyozi alipaza sauti. "Nani mwenzetu na unapiga kutoka wapi?"

"Mimi ni nesi wa zahanati mliyoisoma," ilisema sauti ndani ya kiganja changu. "Napiga kutoka ofisi ya afya hapa mjini. Mkubwa wangu amekaa hapa ananitazama."

Kinyozi alisogeza kiti chake karibu na simu.

"Nimekuja kumweleza jambo," mama mdogo aliendelea, "naye amesema nikaliseme na kule lilikoanzia. Yule mama mnayemtafuta hayupo. Msimtafute. Barua ile niliiandika mimi mwenyewe."

Nilitaka kuusogeza mkono wa simu mdomoni mwangu niseme hapana. Ningeusogeza, Songea nzima isingemsikia yeye tena, ingenisikia mimi. Sikuusogeza. Niliushika kwa mikono miwili.

"Wewe mwenyewe, mama?" kinyozi aliuliza.

"Mimi. Nimeleta ripoti miezi minne naomba glavu. Ripoti haijibiwi. Nikasikia redioni mnasema andikeni kero zenu. Nikaandika kama mgonjwa, maana ya nesi nani angeisoma?"

"Lakini ulijisema vibaya sana."

"Pale ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kupiga. Niliandika nesi aliangalia ukuta kwa dharau. Si kweli. Aliangalia ukuta kwa sababu aliona aibu kumwomba mwenzake kitu ambacho alitakiwa kumpa. Niliandika haraka, sikufikiri. Nataka wanawake wa kule walisikie hilo. Nimewapitia nyumbani, lakini wengine sikuwakuta, walikuwa mashambani."

Fundi mitambo alikuwa ameegemea mlango. Mkuu wa kituo alikuwa nyuma yake, sweta na yote, amekuja mbio. Ndani ya simu kulikuwa na kikohozi cha mwanamume, na sauti nyingine ikachukua.

"Eeh, ni kweli. Mtumishi amekiri na amepewa onyo. Malalamiko hayana mlalamikaji, kwa hiyo yamefungwa. Anarudi kazini. Zahanati inafunguliwa kesho. Na boksi la glavu limepatikana."

"Maboksi mangapi, mkubwa?" kinyozi aliuliza.

"Limepatikana," ile sauti ilirudia, na kurudisha simu.

"Hapo redioni," mama mdogo alisema, "yule anayesoma barua yupo?"

"Yupo, mama. Ndiye kashika simu."

"Basi ananisikia."

Sikuweza kujibu bila kuinama, kwa hiyo niliinama mpaka shavu langu likagusa maikrofoni.

"Nakusikia, mama mdogo."

Kinyozi aligeuza kichwa taratibu kuniangalia. Mwalimu pia. Niliwaona kwa pembeni wakijumlisha, na niliwaona wakiamua, kila mmoja kwa wakati wake, kutomaliza hesabu.

"Kesho kuna gari la saa mbili asubuhi," alisema. "Twende wote. Pale pamefungwa siku tisa, popo watakuwa wameingia, na nina mwanamke wa mimba ya mapacha anakaribia. Utafagia, utachemsha maji, utashika taa nitakapokwambia shika."

"Nitakuja."

"Ulale huko wiki nzima."

"Nitalala."

"Na uvae viatu vya maana," alisema. "Si hivyo ulivyotoka navyo chuo."

Akakata simu.